Jinsi Sifa Zinavyorithiwa: Damu, Jeni na Wajibu wa Kada

Tangu siku za Uhuru tumefundishwa kwamba maadui wa taifa letu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mara nyingi tunawataja kana kwamba kila mmoja ana ngome yake na anaweza kupigwa peke yake. Katika maisha ya wananchi mambo hayako hivyo. Yapo maradhi ambayo hayaui kwa nguvu zake tu, bali huua kwa sababu ujinga umeyafungulia mlango na umaskini umeyapa kiti. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi mitaani huuita siko seli, ni mmoja wa maradhi hayo.

Tukipita Tandika, Mbagala, Tandale au Mwananyamala, hatukosi nyumba yenye mtoto ambaye kila baada ya muda huvimba vidole, macho humgeuka manjano, damu humpungua, na usiku hulia kwa maumivu ya mifupa. Mara nyingi tunakuta pia kwamba ugonjwa wa mtoto umezaa ugomvi wa watu wazima. Ukoo wa mume unasema mke ameleta damu mbaya. Ukoo wa mke unasema mtoto amechezewa na watu. Leo mtoto anapelekwa hospitali, kesho anapelekwa kwa mganga, na fedha ya dawa inaishia kwenye kuku na ubani. Wako akina baba wanaoikana damu yao wenyewe, na wako akina mama wanaorudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni.

Chini ya ugomvi huu lipo swali moja la elimu: mtoto anarithi nini, kutoka kwa nani, na kwa utaratibu gani? Kada asiyeweza kulijibu swali hili hana la kuwaambia wananchi wa shina lake isipokuwa kuwahimiza wawe na subira. Makala haya yanakusudia kuieleza kanuni ya urithi tangu msingi wake, kuonyesha inavyofanya kazi katika damu za watu wetu, na kutenga mambo mawili ambayo hapana budi yatengwe: yale yanayorithiwa kwa maumbile, na yale yanayorithiwa kwa utaratibu wa jamii.

1. Kanuni iligunduliwaje

Mfugaji wa ng'ombe alijua zamani kwamba ndama hufanana na wazazi wake, na ndiyo maana alichagua dume la mbegu. Lakini kujua kwamba jambo linatokea si kujua linatokeaje. Kwa karne nyingi watu wengi walidhani kwamba damu ya baba na ya mama huchanganyika ndani ya mtoto kama maziwa yanavyochanganyika na chai. Fikra hii ina kasoro moja kubwa. Chai ikishachanganyika na maziwa, haitengani tena. Kama urithi ungekuwa hivyo, tofauti zote kati ya watu zingekwisha baada ya vizazi vichache. Lakini sisi sote tumeona mtoto aliyezaliwa na sura ya babu yake, au na sifa ambayo wazazi wake wote wawili hawana.

Aliyeonyesha njia ni Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambao sasa umo katika Jamhuri ya Cheki. Kati ya mwaka 1856 na 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake. Alizalisha njegere za mbegu za mviringo pamoja na njegere za mbegu zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza kilitoka mviringo chote, mikunjo ilitoweka. Kisha akaziacha njegere hizo zizaane zenyewe, akahesabu mbegu zilizopatikana: za mviringo 5,474, zenye mikunjo 1,850. Yaani karibu tatu kwa moja. Mikunjo ilikuwa imejificha kizazi kizima, ikarudi bila kupunguzwa chochote.

Mendel hakukisia, alihesabu. Kutokana na hesabu hiyo alipata mambo matatu ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa elimu ya urithi:

(a) Sifa inayorithiwa hubebwa na vitu vidogo vinavyokaa viwili viwili, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Vitu hivyo leo tunaviita jeni.

(b) Mzazi ana jeni mbili za sifa hiyo, lakini humpa mtoto moja tu. Ni ipi itakayokwenda ni jambo la bahati, si la hiari ya mzazi.

(c) Jeni moja inaweza kuitawala nyingine. Ile inayotawaliwa hujificha, lakini haifi. Itaonekana siku itakapokutana na mwenzake wa aina yake.

Mendel alichapisha matokeo yake mwaka 1866. Wataalamu wa zama zake hawakuyajali. Ilipofika mwaka 1900, yeye akiwa amekwisha kufa, ndipo watafiti wengine walipofika kwenye matokeo hayo hayo na kutambua kwamba mtawa yule aliwatangulia.

2. Jeni inakaa wapi

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Ndani ya seli nyingi kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi ziitwazo kromosomu. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Kila kromosomu ina uzi mrefu wa kemikali iitwayo DNA, ambayo umbo lake lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitumia pia picha za eksirei zilizotoka katika kazi ya mama mmoja mwanasayansi, Rosalind Franklin. Jeni ni kipande cha uzi huo. Tunaweza kusema ni sentensi moja ya maagizo, inayoiambia seli jinsi ya kutengeneza kitu fulani ambacho mwili unakihitaji.

Seli za kawaida zina kromosomu zote 46. Lakini yai la mama lina 23 tu, na mbegu ya baba ina 23 tu. Zikikutana, hesabu inatimia. Kwa hiyo usemi wa kwamba mtoto huyu ni damu ya baba tu, au ni damu ya mama tu, hauna msingi. Kwa upande wa kromosomu, kila mtoto ni nusu kwa nusu.

Hapa tuangalie jambo moja ambalo limewaonea wanawake wengi katika nchi yetu. Jozi ya 23 ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mama ana kromosomu mbili za aina ya X, basi kila yai lake lina X. Baba ana X moja na Y moja. Mbegu yenye X ikilifikia yai, mtoto atakuwa wa kike. Mbegu yenye Y ikitangulia, atakuwa wa kiume. Mwanamke anayefukuzwa kwa sababu amezaa wasichana watupu anahukumiwa kwa jambo ambalo halikutoka katika yai lake. Wala hatusemi sasa mwanamume ndiye ashitakiwe. Yeye pia hachagui mbegu ipi itangulie. Tunachosema ni kwamba hakuna mshitakiwa. Zaidi ya hayo, hakuna hasara yoyote iliyotokea ya kumtafutia mtu kesi, kwa sababu binti ni mwananchi kamili sawa na kaka yake.

3. Selimundu: kosa la herufi moja

Sasa tuirudie damu. Wekundu wa damu unatokana na kitu kiitwacho himoglobini, kilichomo ndani ya seli nyekundu, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza jinsi alivyoona, katika damu ya mwanafunzi mmoja aliyetoka Grenada katika visiwa vya Karibi, seli zilizopinda kama mundu wa kuvunia. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akagundua kwamba tofauti hiyo ni ya sehemu moja tu katika mnyororo mrefu wa himoglobini.

Msomaji anaweza kujiuliza: kosa dogo namna hiyo linawezaje kuleta balaa kubwa? Na tukumbuke lugha yetu. Herufi moja tu inatenga kula na kura, lakini nani atasema kwamba maneno hayo yana maana moja? Himoglobini yenye kosa hili, ikishaitoa oksijeni, huanza kushikamana yenyewe kwa yenyewe na kufanya vijiti. Seli hupinda, huwa ngumu, na hukwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Seli nzima huishi kiasi cha siku 120. Seli iliyopinda huvunjika mapema zaidi, baada ya siku 10 hadi 20 hivi. Hapo ndipo damu inapopungua na macho yanapogeuka manjano. Bandama, ambayo ni mlinzi mmojawapo wa mwili, huharibika mapema, na mtoto hubaki bila ngao mbele ya vijidudu.

Tuiite jeni nzima A, na jeni yenye kosa S. Kwa kuwa kila mtu ana jeni mbili, basi watu tuko namna tatu. Mwenye AA hana selimundu kabisa. Mwenye AS ana himoglobini nzima ya kutosha, anafanya kazi, anacheza mpira, na kwa kawaida hajui kwamba amebeba chochote. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

Tuchukue mume mwenye AS na mke mwenye AS. Wote wawili ni wazima. Kila mmoja anampa mtoto jeni moja, na ni sawa na kurusha sarafu. Sarafu mbili zikirushwa pamoja, matokeo ni manne: A ya baba na A ya mama, A ya baba na S ya mama, S ya baba na A ya mama, S ya baba na S ya mama. Basi katika kila mimba, nafasi ya kupata mtoto wa AA ni moja kati ya nne, ya kupata mtoto wa AS ni mbili kati ya nne, na ya kupata mtoto mgonjwa wa SS ni moja kati ya nne.

Kutokana na hesabu hii tunapata mafunzo ambayo kila kada inafaa ayashike vizuri.

La kwanza, mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S kutoka pande zote mbili. Ukoo unaodai kwamba mke peke yake ndiye aliyeleta ugonjwa huu unapingana na hesabu ya sarafu.

La pili, sarafu haina kumbukumbu. Moja kati ya nne haina maana kwamba familia ikishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu watakaofuata watakuwa wazima. Kila mimba ni mrusho mpya. Familia moja inaweza kupata wazima watano mfululizo, na nyingine wagonjwa wawili wakifuatana, bila mtu yeyote kuwa amefanya ubaya.

La tatu linahusu ushahidi wa uwongo ambao umevunja ndoa nyingi. Mwanamume wa AS anamwacha mkewe, anaoa mwingine, na watoto wa ndoa ya pili wote wanatoka wazima. Watu wanasema: je, si mnaona, tatizo lilikuwa kwa yule wa kwanza! Lakini ikiwa mke wa pili ni AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, ijapokuwa nusu yao watatarajiwa kubeba S ya baba yao kimya kimya. Mume hakupona; alichobadilisha ni upande wa pili wa hesabu tu. Na mke wa kwanza, akiolewa na mtu wa AA, naye vile vile hatazaa mgonjwa wa SS.

Haya si mambo ya watu wachache. Katika miaka ya 2015 na 2016 watafiti waliwapima watoto wachanga karibu 4,000 waliozaliwa katika hospitali za Muhimbili na Temeke. Watoto 31 walikuwa wagonjwa wa selimundu, na 505 walikuwa wamebeba jeni moja ya S. Hao wa mwisho ni kama mtoto mmoja katika kila wanane. Kwa hesabu hiyo, ukumbi wenye watu 80 waliokuja mkutanoni unaweza kuwa na watu kama 10 wenye AS, waliokaa wazima bila habari. Kwa nchi nzima inakadiriwa kwamba watoto kiasi cha 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na Tanzania imo katika nchi chache za dunia zenye idadi kubwa kabisa.

Kanuni hiyo hiyo ya jeni inayojificha ndiyo inayoeleza ualbino. Wazazi wawili weusi, kila mmoja akiwa amebeba kimya jeni moja ya ualbino ya aina ile ile, wanaweza kupata mtoto ambaye ngozi yake haitengenezi rangi ya kutosha. Hakuna mzungu aliyeingia nyumbani, hakuna jini, na hakuna utajiri uliofichwa katika viungo vya mtoto huyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 nchini. Mauaji na ukataji wa viungo vya ndugu zetu hawa, uliolitia taifa aibu hasa tangu mwaka 2007, ulikuwa biashara iliyojengwa juu ya ujinga huu: kwamba binadamu aliyezaliwa kwa kanuni ile ile iliyowazaa wengine wote si binadamu.

4. Kwa nini jeni hii iko kwetu

Wako watakaouliza: ikiwa S inaua watoto, kwa nini haikwisha? Jibu lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akachapisha alichokiona. Wenye AS walikuwa wengi katika nchi za joto na mbu, kama vile pwani na kando ya Ziwa Victoria. Katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache. Maelezo yake ni kwamba mtoto wa AS hupata kinga kubwa dhidi ya malaria ile kali inayoua. Mahali penye malaria nyingi, malaria iliwaua watoto wengi wa AA, selimundu iliwaua wa SS, na wa AS ndio waliopona kwa wingi na kuzaa. Kwa njia hiyo S ikadumu.

Basi jeni hii haikuletwa na laana. Ni alama ya vita virefu kati ya watu na malaria. Wala si alama ya watu weusi peke yao, maana inapatikana pia India, Arabuni, Ugiriki na Sisili, kote ambako malaria ilitamba. Lakini tusikosee hapa: kinga ni ya mtu wa AS. Mtoto wa SS akishikwa na malaria yuko katika hatari kubwa kuliko mwenzake. Na kwa kuwa Dar es Salaam imekusanya watu wa mikoa yote, hakuna awezaye kumtazama mtu sura au kabila akaijua damu yake. Damu hujulikana kwa kupimwa.

5. Mipaka ya urithi

Tukishaielewa nguvu ya jeni, hapana budi tuielewe na mipaka yake. Selimundu ni sifa ya jeni moja. Sifa nyingi za binadamu si hivyo. Urefu wa mtu, kwa mfano, unatokana na jeni nyingi sana pamoja na chakula alichokula utotoni na maradhi yaliyomshika. Mtoto aliyedumaa kwa kukosa chakula hakurithi ufupi. Amerithi sufuria tupu. Na sufuria tupu haimo katika kromosomu.

Wakoloni walilichanganya jambo hili kwa makusudi. Waligawa Dar es Salaam kwa rangi: Wazungu ufukweni Oysterbay, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala, na baadaye Magomeni, Temeke na Kinondoni. Shule nazo ziligawiwa kwa rangi. Kisha, walipoona mtoto wa upande mmoja ana afya na elimu na wa upande mwingine hana, wakasema ni damu. Sayansi imelikataa dai hilo. Mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba kiasi cha asilimia 85 ya tofauti za kijeni za binadamu zimo ndani ya kila jamii, kati ya mtu na jirani yake, na sehemu ndogo tu ndiyo inayozitenga jamii na mataifa. Imani ya Chama kwamba binadamu wote ni ndugu haikungoja maabara, lakini maabara haikuipinga.

Makosa mawili makubwa yamefanyika duniani kwa kuchanganya siasa na urithi. Kosa la kwanza ni la mafashisti. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu walioitwa wenye urithi mbaya, na mamia ya maelfu wakafanyiwa ukatili huo.

Kosa la pili lilitendwa na wajamaa wenyewe, na kwa sababu hiyo linatuhusu zaidi. Katika Muungano wa Kisovieti, Trofim Lysenko alidai kwamba elimu ya jeni ni uzushi wa mabepari, na kwamba mazao yanaweza kugeuzwa tabia kwa kulelewa tu, kisha yairithishe tabia hiyo. Viongozi wakampenda kwa sababu aliahidi mavuno ya haraka. Nikolai Vavilov, mtaalamu aliyekusanya mbegu za mazao kutoka pembe nyingi za dunia, Ethiopia ikiwamo, alikamatwa mwaka 1940 na akafia gerezani Saratov mwaka 1943. Mwaka 1948 Lysenko alitangaza mkutanoni kwamba uongozi wa chama umeikubali hotuba yake, na elimu ya jeni ikapigwa marufuku. Hesabu ya Mendel haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba nchi kubwa ilibaki nyuma ya wenzake kwa miaka mingi, hadi Lysenko alipopoteza nguvu baada ya mwaka 1964.

Fundisho kwetu ni wazi. Chama kinaamua mambo mengi: shule ijengwe wapi, zahanati ipate nini, kodi itumike vipi. Hakiamui jeni inarithiwaje. Kada anayeheshimu ukweli wa maumbile ndiye anayeweza kuubadili ukweli wa jamii.

6. Kinachoweza kubadilishwa

Jeni ya S hatuwezi kuifuta kwa azimio. Lakini kifo cha mtoto wa SS hakijaandikwa katika jeni yake. Afrika, mahali pasipo na huduma, inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya watoto hawa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika nchi tajiri walio wengi kabisa hukua wakawa watu wazima. Jeni ni ile ile. Tofauti ni ya utaratibu wa jamii. Kwa hiyo kazi yetu iko hapa.

Kwanza, kupima. Tone la damu la kisigino cha mtoto mchanga linatosha kumtambua mgonjwa kabla hajaugua. Ukweli kwamba mtoto wa Temeke aliweza kupimwa kwa utafiti ni ushahidi kwamba anaweza kupimwa kama haki. Madiwani na wajumbe wa kamati za afya waulize kila mwaka: katika kituo chetu, watoto wangapi wamezaliwa, na wangapi wamepimwa?

Pili, kutibu mapema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ikinywewa kila siku na watoto wadogo wa SS hupunguza sana maambukizi yanayowaua. Chandarua na kinga ya malaria, chanjo, na maji ya kunywa ya kutosha huokoa maisha. Dawa ya haidroksiyurea, iliyojaribiwa kwa watoto wa Kongo, Kenya, Uganda na Angola na matokeo kuchapishwa mwaka 2019, ilipunguza maumivu, malaria na hata vifo. Haiponyi, lakini inampa mtoto nafasi ya kwenda shule. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 itapimwa kwa mambo kama haya: je, dawa hii imemfikia mtoto wa mama lishe wa Mbagala?

Tatu, kuelimisha kabla ya ndoa bila kutisha. Ni vema vijana wajue kama ni AA au AS. Lakini kujua ni jambo moja, na kukatazwa ni jingine. Marekani, mapema katika miaka ya 1970, baadhi ya majimbo yalitunga sheria za kuwalazimisha watu weusi kupimwa, na watu wa AS waliokuwa wazima wakanyimwa kazi na bima kana kwamba ni wagonjwa. Kipimo kisicho na elimu na siri huwa fimbo mpya ya kumpigia mnyonge. Majibu ya damu ni mali ya mwenye damu. Kada haandiki orodha ya watu wa AS, wala haingilii uchumba wa watu. Anahakikisha tu kwamba wanaoamua wanaamua kwa kujua.

Nne, kuangalia nani anamiliki elimu hii. Tangu mwanafunzi yule wa Grenada, sehemu kubwa ya yale tunayoyajua yametoka katika damu ya watu weusi. Mwaka 2023 nchi za Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayorekebisha jeni katika seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Ni ushindi mkubwa wa akili ya binadamu. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 2,200,000 kwa mgonjwa mmoja. Mfanyakazi wa viwanda vya Chang'ombe angetakiwa afanye kazi kwa vizazi kadhaa ili amnunulie mwanawe tiba moja. Kwa hiyo kujitegemea katika sayansi si kaulimbiu ya sherehe. Kituo cha utafiti wa selimundu kilichojengeka Muhimbili tangu mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani na wenzake, na upandikizaji wa uboho ulioanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2023, ni hatua za kweli ambazo zinadai fedha, watumishi na uangalizi wa umma.

Tumeona basi kwamba urithi wa binadamu una sehemu mbili. Sehemu ya jeni hupangwa kwa bahati, haina mkosaji wala mchawi, na baba na mama ni sawa mbele yake. Sehemu ya pili ni zahanati, shule, chakula na fikra tunazowaachia watoto, na hiyo haina bahati yoyote ndani yake, kwa sababu ni sisi tunaoipanga. Anayemlaumu mama wa mtoto mgonjwa anaweka lawama mahali pasipo na kosa. Na anaposhughulika na lawama hiyo, hana nafasi ya kuuliza kwa nini zahanati ya mtaa wake haina kipimo.

Swali hilo ndilo tunalopaswa kuliuliza, katika kila tawi, na kuliuliza tena mpaka lijibiwe.